Boti Tuliyoitandika Nyasi

Mke wangu alikataa kubebwa mgongoni. Ndiyo sababu nilinunua boti uzeeni, mimi mtoto wa mgombani ambaye hata kuogelea sijui.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliolewa kisiwani Bumbire na akabaki huko hata baada ya kufiwa na mume. Kwenda kwake si kazi kubwa. Unapanda boti ya mbao ya abiria pale Kemondo, unakaa juu ya magunia na kreti za soda, unamwomba Mungu, unafika. Tatizo ni hatua ya mwisho. Kwenye mwalo wa kule, ufuko wa wavuvi, hakuna gati. Boti husimama mahali ambapo maji ni ya kiunoni, na vijana wa mwaloni huingia ziwani wakakugeuzia mgongo. Mnene au mwembamba, mke wa diwani au mchuuzi wa dagaa, wote hubebwa hadi kwenye mchanga.

Zamani mke wangu alikuwa akikunja gauni na kuruka mwenyewe. Kisha aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo. Kuruka hawezi, kubebwa hataki.

"Mimi ninayewafundisha wanawake wenzangu darasa msikitini," aliniambia, "nimkumbatie kijana wa watu shingoni mbele ya soko zima la samaki?"

Nimefundisha dini shuleni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninajua kwamba dharura ina hukumu yake. Lakini haya ya mtu huwezi kuiondoa kwa fatwa, kama vile huwezi kumlazimisha mtu asikie joto.

Dada mtu alimcheka. Simu yao ilikuwa ikiwekwa sauti kubwa, na nyumba yetu ya Kashai, Bukoba mjini, yote ilisikiliza.

"Makalio yako yamepata cheo gani huko mjini hata yasibebwe?"

"Dada, niheshimu. Mwalimu anasikia."

"Asikie! Shemeji, ulimlisha nini huyu mtoto? Nilikupa akiwa mwepesi kama unyoya."

"Kashai hakuna kazi ya jembe, shemeji," nilijibu.

"Basi mlete huku nimpe jembe. Mimi sitoki. Mume wangu yuko hapa nyuma ya nyumba. Nikija kwenu, nani atampalilia?"

Walicheka hivyo kwa miaka. Halafu miguu ya dada ikaanza kuvimba, kisha pumzi ikawa fupi. Wanawe walimvusha hadi hospitali, akaambiwa ni moyo, akapewa dawa, akarudishwa kisiwani na kusema hatavuka tena. Utani wake ukapungua simu hadi simu. Siku moja hakutania kabisa. Alisema neno moja tu: "Njoo."

Mke wangu aliiweka simu juu ya kitanda, akanitazama. Hakuniomba kitu. Tangu siku hiyo maisha yangu yalikuwa na shughuli moja, kumfikisha kwa dada yake wakati dada bado anaweza kumtambua.

Hapo ndipo nilipoiona ile boti. Ilikuwa ya mgeni mmoja aliyependa kuvua sangara kwa kujifurahisha, naye alikwisha rudi kwao. Ilikuwa imelazwa chini ya banda la mabati karibu na ufukwe wa Bukoba, ndege wakiinyea. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya meno ya mzee. Ndani ilikuwa na chumba chenye vitanda viwili vyembamba, sinki la kunawia, na choo kidogo ambacho mtu huingia kinyumenyume. Nyuma yake kulikuwa na ngazi ya chuma, inakunjuka taratibu na kushuka hadi majini.

Fundi aliangalia injini. Mimi niliangalia ngazi. Nilimwona mke wangu akishuka kisiwani ngazi moja baada ya nyingine, ameshika chuma, si shingo ya mtu. Nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu nikainunua. Watoto wetu hawakusema neno, na kimya chao kilinisumbua zaidi kuliko kama wangenigombeza.

Wazee wenzangu wa msikitini hawakunyamaza.

"Mwalimu amenunua safina!"

"Ya Nuhu ilikuwa na wanyama. Yako ina nini?"

"Ina choo," nilisema.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Tangu hapo jina lake likawa Boti ya Choo, na lilisambaa mpaka Kemondo.

Mtu asiyewahi kuwa na boti kuukuu hajui subira ni nini. Nilidhani najua. Siku ya kwanza ya kuijaribu ilitoa moshi mweusi na kuzimika mbele ya bandari, tukavutwa na mtumbwi huku watoto wa ufukweni wakitupigia makofi. Kipuri kiliagizwa Mwanza, kikaja kisichofaa. Kilipokuja kinachofaa, mvua zilikuwa zimeanza, na ziwa lilikuwa la kijivu lenye mawimbi mafupi yasiyopumzika. Mvua zilipopungua, tangi la dizeli lilionekana kuwa na kutu ndani. Fundi alilishusha akalipeleka kwake, na kwake kukawa na msiba.

Kila mara simu ilipopigwa dada aliuliza, "Lini?"

"Wiki ijayo, inshallah," nilisema.

Nilifika mahali pa kuliogopa neno inshallah kinywani mwangu. Nilikuwa nimelifundisha kwa vizazi vya wanafunzi kama neno la mtu anayejua kwamba kesho si yake. Sasa lilitoka kama neno la mtu aliyeishiwa. Nilikuwa nikikaa juu ya msala baada ya alfajiri, na dua zilizozoea kuja zenyewe hazikuja. Nilibaki na maneno mawili tu, Ya Latif, Ewe Mpole, nikayarudia mpaka kukapambazuka. Nilimshukuru Mungu kwa kila kilichonifika, kwa sababu nilifundishwa kushukuru, lakini shukrani yangu ilikuwa kavu.

Jioni moja mjukuu wa dada ndiye aliyepokea simu. Alisema bibi hawezi kuzungumza leo, ila anasikia, akamwekea simu sikioni. Tulisikia pumzi. Mke wangu hakukata. Aliisikiliza ile pumzi, inapanda na kukwama, inapanda na kukwama, mpaka salio likaisha.

Kisha aliinuka, akaleta kahawa. Kwetu Uhaya mgeni hapewi kiti bila kupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya viungo na kukaushwa. Mke wangu alichagua moja moja, akaziweka katika kikapu kidogo chenye mfuniko.

"Hatatafuna," nilisema polepole.

"Atashika," alisema.

Nilikwenda kwa fundi asubuhi yake, sikuondoka mpaka tangi liliporudi mahali pake. Nilikaa kwenye jiwe mbele ya karakana yake kama mdai. Nadhani alimaliza ili anione naondoka.

Sasa nifike kwenye nyasi.

Kwa watu wetu nyumba haiingiwi ikiwa na sakafu tupu. Kabla ya mgeni kufika, kabla ya harusi, kabla ya kukaa mara ya kwanza, hukatwa nyasi mbichi zikatandikwa ndani, nene, hata mguu uzame. Hiyo ndiyo heshima. Siku moja kabla ya safari tulisoma dua ufukweni, na mpwa wangu alituma kutoka kijijini kwetu Kagoma mafungu ya nyasi laini zilizokatwa kando ya kibanja chetu cha migomba. Wanawake majirani walizifungua, wakaingia botini kwa zamu kwa sababu ya ufinyu wa mlango, wakatandika chumba chote na njia ya kwenda nyuma. Boti iliyokuwa ikinuka dizeli na mavi ya ndege ikanuka kama asubuhi ya mgombani.

Nahodha niliyemwajiri, mtu mzima wa Kemondo aliyezeekea katika uvuvi wa sangara, alivua viatu mlangoni.

"Sasa imekuwa nyumba ya mtu," alisema. "Hata choo kimepata heshima."

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri vingine. Tungeweza kutandika mkeka. Lakini nani amkaribishe mama wa watu kwa mkeka?

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Ziwa lilikuwa limelala. Mke wangu alikaa kwenye kitanda chembamba, amevaa boya la kujiokolea la rangi ya chungwa juu ya baibui, kikapu cha kahawa mapajani, miguu yake ndani ya nyasi.

"Inanukia kama nyumba ya mama," alisema.

Nilitoka nje nikasimama karibu na nahodha, nikaona majabali ya Bukoba yakirudi nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu lile neno "njoo" nilipumua hadi chini. Nilimshukuru Mungu na shukrani haikuwa kavu.

Tulikuwa tumekwisha pita usawa wa Kemondo, visiwa vikionekana kama migongo ya ng'ombe waliolala, nahodha alipoacha kuimba.

"Mwalimu, inakaa nzito."

"Nini?"

"Boti. Haigeuki. Inakaa kama mwenye mimba."

Alinipa usukani, akainama, akafunua ubao wa sakafu pale nyuma. Nilimsikia akisema jina la Mungu kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Kila boti kuukuu hunywa maji kidogo pale ekseli inapotokea nje kuzungusha pangaboi. Fundi alinieleza hivyo mapema, akaniambia nisiogope, kwa sababu chini ya sakafu kuna pampu inayojiwasha na kuyatema nje. Pampu ndiyo figo ya boti, alisema. Zile nyasi zetu zilikuwa zimepenya kwenye nafasi za mbao, unyasi mmoja mmoja, zikalowa, zikajisokota, zikaifunika ile figo kama kiota. Nahodha alipoingiza mkono alitoa fundo zima. Alitoa jingine. Pampu ilikuwa ikinguruma bila kuvuta, na mara tukasikia harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza.

Nilirudi chumbani. Maji yalikuwa yamefika juu ya sakafu, nyasi zikielea, na viatu vya mke wangu vikielea kati yake.

"Tunazama?" aliuliza.

"Tunachota," nilisema.

Nilichukua birika letu la udhu na sufuria ya pilau tuliyokuwa tukiwapelekea wenyeji. Pilau niliimwaga ziwani. Nilichota, nikabeba, nikamwaga, nikarudi. Kila sufuria ilitoka na nyasi. Mgongo wangu uliokataa kuinama hata kwa rukuu za Ramadhani uliinama. Nahodha alikuwa kichwa chini miguu juu ndani ya tumbo la boti, akichota kwa kibuyu cha plastiki alichokikata kwa kisu. Injini ilikohoa mara chache ikazimika, maji yameifikia betri. Ukimya ulioingia ulikuwa mbaya kuliko kelele. Upepo ulianza kuamka, na boti isiyo na injini iligeuka ubavu kwa mawimbi.

"Nipe sufuria," alisema mke wangu. "Wewe tumia birika."

Alichota akiwa amekaa kitandani, akimwaga kupitia dirisha dogo, nusu ya maji ikimrudia kifuani. Sikumwona akilia. Niliona tu midomo yake ikitembea, nikadhani anasoma dua. Nilipoinama karibu nikasikia kwamba alikuwa akimsemesha dada yake. Alikuwa akimwambia asubiri.

"Wanajua tunakuja leo?" aliniuliza.

"Wanajua."

"Amewekwa akae akiangalia mlango?"

"Sijui, mama."

"Amewekwa. Namjua." Alimwaga sufuria. "Mwalimu, usiniache nifie hapa. Ningekubali kubebwa."

Katika maisha yangu nimewazika wazazi na nimezika mtoto. Sijawahi kukata tamaa kama nilivyokata pale, nimesimama katika maji ya magotini, birika mkononi, nyasi za kibanja cha baba zimenizunguka miguu. Niliona kwamba nilikuwa nimempa mke wangu kila kitu ambacho hakukiomba, kitanda, sinki na choo, na mmoja aliyemhitaji, dada yake, alikuwa akiangalia mlango ng'ambo ya maji. Nilisema Ya Latif. Sikuwa na jingine.

Iliyokuja ilikuwa ile boti ya mbao ya abiria ya Kemondo. Tuliisikia kabla ya kuiona, injini yake ikidunda kama mchi. Imejaa kama kawaida: magunia, kreti, mbuzi wawili, akina mama na miavuli yao.

"Boti ya Choo!" mtu alipiga kelele kutoka mbele. "Mmeingia chooni wenyewe?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu walikwisha kutuona vizuri. Walitusogelea kwa ubavu. Mikono mingi ilinyooshwa juu ya maji. Nahodha alimshika mke wangu kiuno, mimi nikamshika miguu, wanaume wawili wakampokea kwa kwapa, akapita hewani akaketishwa juu ya gunia la unga. Alipokwisha kukaa jambo la kwanza alilofanya ni kuangalia kikapu. Kilikuwa shingoni mwake. Alikuwa amekifunga kwa mtandio. Mama mmoja alivua khanga yake kavu akamfunika mabega, bila kuulizana majina.

Tulipokwisha kuvuka nasi, wakafunga kamba kwenye pua ya boti yangu wakaivuta. Sikugeuka kuitazama.

Pale mwaloni boti ya mbao ilisimama mahali pake pa kila siku. Boti yangu, ambayo tumbo lake huzama zaidi majini, iligusa mchanga mbali nyuma yetu na kukwama. Nahodha aliogelea akaingia ndani yake kuokoa vitu, akaikunjua ngazi, akashuka. Alishuka mpaka ngazi ikaisha, na maji yakamfika kifuani. Ngazi ile ilitengenezwa kwa watu wanaotaka kuogelea. Hata kama ziwa lingekuwa shwari na pampu nzima, mke wangu angeshuka kwa heshima ngazi moja baada ya nyingine mpaka majini, halafu angehitaji mgongo wa mtu. Nililijua hilo nimesimama kati ya mbuzi.

Kijana mmoja mwenye mabega mapana alikuja ubavuni, akatugeuzia mgongo.

"Bibi, panda."

Mke wangu alinitazama. Hakukuwa na fatwa ya kutoa. Aliniachia mkongojo, akajivuta ukingoni, akafumba macho, akampanda.

"Shika shingo, Bibi, si masikio," kijana alisema. "Masikio nayahitaji, nina mke."

Soko la samaki lilicheka, hata wale waliokuwa wakigeuza dagaa juani. Nami nikabebwa na mwingine mfupi, ambaye aliguna njia nzima na kuniuliza kama walimu hulishwa mawe.

Nyumba ya dada haiko mbali na mwalo. Mlangoni nilisimama. Wajukuu walikuwa wametandika nyasi mbichi sakafu nzima kwa ajili yetu, nene, mguu uzame. Ilinichukua muda kukanyaga. Mke wangu hakusita. Alipita juu yake akichuruzika maji, akaenda moja kwa moja.

Dada alikuwa amewekwa akae, mito mgongoni, akiangalia mlango. Alikuwa amepungua sana hata nilimtambua kwa macho tu. Alimtazama mdogo wake kutoka kichwani hadi kwenye upindo wa gauni uliolowa. Tulisubiri pumzi yake ipande.

"Umebebwa?" aliuliza.

"Nimebebwa."

Mabega ya dada yakatikisika. Sauti haikutoka, lakini kila mtu katika chumba kile alijua anacheka. Mke wangu alipiga magoti kwa shida juu ya nyasi, akafungua kikapu, akamwekea buni moja kiganjani na kumfunga vidole. Dada hakutafuna. Aliishika.

Wiki haikuisha. Mke wangu ndiye aliyemwosha, mimi nikaongoza sala, tukamlaza kando ya mume wake nyuma ya nyumba. Waliniambia kwamba tangu tulipofika hakuuliza tena lini.

Boti iko kule kule ilipokwama. Maji yakishuka, mbuzi hujificha jua chini yake. Injini niliwapa wana wa dada. Ngazi ilifunguliwa, nasikia wanaitumia kuanikia nyavu. Nilimshukuru Mungu kwa hiyo boti pia, na shukrani hiyo ilikuwa ngumu kutoka kuliko zote.

Siku ya kurudi ziwa lilikuwa na mawimbi. Boti ya mbao ilisimama mahali pake, na yule kijana wa mabega mapana akaja tena mpaka kwenye mchanga. Kabla hajageuza mgongo, mke wangu alikwisha nipa mkongojo na kunyoosha mikono.